Mtu wako akikamatwa, uanzie wapi?

Anayeishi Nengo hahitaji kuelezwa mpaka ni nini. Ukisimama kwenye akagari hako ka tarafa ya Gisenyi, ziwa liko upande mmoja na Goma iko mbele yako, umbali wa kutembea kwa miguu. Watu huvuka asubuhi na nyanya, maziwa, unga na nguo, na jioni hurudi. Siku mmoja wao asiporudi ndipo familia inapogundua kwamba inajua bei ya kila kitu pande zote mbili za mpaka, lakini haijui mtu aliyekamatwa hupelekwa wapi, hukaa huko siku ngapi, wala nani wa kuulizwa.

Kutojua huko kunagharimu. Familia hukimbilia polisi, ikaambiwa iende RIB. Ikifika RIB huambiwa dosiye imekwishapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Ikifika huko, kesi imekwishasomwa na mtu amepandishwa gari kwenda gerezani. Katikati ya mizunguko hiyo hujitokeza bwana mwenye simu mbili, asiyeacha jina kamili, anayedai kumjua mkubwa fulani, na kwamba faranga kiasi fulani zikitumwa leo, mtu wenu atalala nyumbani. Fedha huenda, na mtu harudi. Kwa mfanyabiashara mdogo wa mpakani fedha hizo ndizo mtaji wote, kwa hiyo anayebaki nje naye hufungwa kwa namna yake.

Tunaamini matapeli hawa hawawezi kumalizwa kwa kuwafukuza peke yake. Wanaishi kwa sababu ya kitu kimoja tu: mwenye shida haijui njia, naye bwana huyo anajifanya kuijua. Njia yenyewe si ya siri. Imeandikwa katika sheria, na haina urefu wa kumshinda mtu anayeweza kuhesabu faida ya gunia la viazi.

Nchini Rwanda polisi wanaweza kumkamata mtu, lakini upelelezi wa makosa ya jinai ni kazi ya Ofisi ya Upelelezi, RIB, iliyoundwa kwa sheria mwaka 2017 na kuanza kazi mwaka 2018. Waliorudi kutoka Congo baada ya miaka mingi mara nyingi hawalijui jina hili. Wao wanajua polisi na wanajua kasho. Mahali pa kwanza pa kuuliza, basi, ni kituo cha RIB cha eneo alipokamatiwa mtu, wala si pale anapoishi. Aliyekamatwa Mahoko hatafutwi kwanza Nengo. Namba ya simu ya bure ya RIB ni 166.

Kwa mujibu wa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 2019, mpelelezi anaweza kumshikilia mtu kwa siku 5, na siku hizo haziongezwi. Baada ya hapo dosiye huwa mikononi mwa mwendesha mashtaka, ambaye naye ana siku chache za kuamua kama atamwachia mtu au atamfikisha mbele ya hakimu. Ombi la kumweka mtu rumande husikilizwa na Mahakama ya Mwanzo, na kwa watu wa mji huu hiyo ni Mahakama ya Mwanzo ya Gisenyi. Hakimu akikubali, amri yake ni ya siku 30, na inaweza kuongezwa kwa siku 30 nyingine. Asiyeridhika na amri hiyo ana siku 5 za kukata rufaa.

Hapa ndipo familia nyingi hupotea, kwa hiyo hatuoni vibaya kukaa hapa kidogo. Kikao hicho cha kwanza si kesi yenyewe. Hakimu haulizwi kama mtu ana hatia. Anaulizwa kama zipo sababu nzito za kumshuku, kama kosa ni la kumweka mtu ndani (kwa kawaida liwe na adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 2), na kama akiachiwa ataonekana tena au atatoroka. Familia inayolia nje ya mahakama kwamba «amefungwa siku 30» imeelewa vibaya, kwani mtu wao hajahukumiwa chochote. Na familia inayosubiri «kesi» ndipo ilete ushahidi imechelewa, kwa sababu kilichotakiwa siku ile kilikuwa kitu kidogo sana: karatasi inayoonyesha kwamba mtu huyu ana makazi yanayojulikana, ana watoto, ana kibanda sokoni, na yuko anayekubali kusimama kuwa mdhamini. Kiongozi wa mtaa anaweza kuthibitisha mengi katika hayo. Kwa mtu aliyerudi nchini miezi michache iliyopita na hajapata hata nyumba ya kudumu, karatasi hiyo ni kubwa kuliko hotuba ya wakili.

Na dhamana, pale inapokubaliwa na kuhusu fedha, hulipwa kwa njia rasmi na kupewa risiti. Haipokelewi mkononi na mtu yeyote, awe amevaa sare au suti. Kuuliza habari za ndugu yako RIB, mahakamani au gerezani hakuna malipo.

Baada ya amri ya hakimu, mtu hupelekwa gerezani, na gereza la wilaya hii liko Nyakiriba, nje ya mji. Kwa Kinyarwanda siku hizi huitwa igororero, yaani mahali pa kurekebishia, na chombo kinachoyasimamia magereza ni RCS. Ukifika huko utaona rangi mbili, na ni vizuri kuzisoma. Mavazi ya waridi ni ya mahabusu, watu ambao kesi zao bado hazijaamuliwa. Mavazi ya rangi ya machungwa ni ya wafungwa waliokwisha kuhukumiwa. Tunasikia wazee wakishtuka kumkuta kijana wao kwenye waridi, wakidhani ni alama ya kosa kubwa, kwa kuwa wanakumbuka miaka ile ambapo waridi ilikuwa rangi ya watuhumiwa wa mauaji ya kimbari. Siyo hivyo. Waridi leo ina maana kwamba mlango wa kujitetea bado uko wazi.

Ikibadilika kuwa machungwa, hesabu nyingine inaanza: siku 30 za kukata rufaa tangu hukumu. Baadaye, aliyehukumiwa miaka 5 au pungufu anaweza kuomba kufunguliwa kwa masharti akishatumikia theluthi moja ya kifungo, na mwenye zaidi ya miaka 5 akishatumikia theluthi mbili, isipokuwa kwa makosa ambayo sheria imeyatenga. Tunasema anaweza kuomba. Halitolewi lenyewe kama embe linaloiva.

Wanawake wa mpakani wana swali lao, nalo ni la mtoto mgongoni. Mama akifungwa, mtoto mdogo anaweza kuwa naye gerezani mpaka afikishe miaka 3. Baada ya hapo lazima awepo wa kumpokea nje. Familia isisubiri siku hiyo ifike ndipo ianze kubishana nani atamchukua. Kuhusu watoto wenyewe wanaotuhumiwa, aliye chini ya miaka 14 hawezi kushtakiwa kwa jinai, na mwenye miaka kati ya 14 na 18 anatakiwa awe na wakili. Akihukumiwa, gereza la watoto liko Nyagatare, mashariki kabisa ya nchi, wakati sisi tuko magharibi kabisa. Mzazi wa Rubavu anayemtembelea mwanawe huko anavuka Rwanda nzima.

Liko jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha sheria, nalo linawazungusha watu wetu kuliko yote. Ni majina. Mtu aliyezaliwa Masisi au Rutshuru ana majina matatu kwenye kadi ya Congo, mawili kwenye kitambulisho cha Rwanda, na sokoni anaitwa Mama Fulani. Siku ya kukamatwa ametaja jina moja kati ya hayo, pengine kwa hofu, pengine kwa sababu karatasi aliyokuwa nayo mfukoni ndiyo ilikuwa na jina hilo. Ndugu yake anafika langoni akiuliza jina jingine. Askari anatazama daftari, hakuna. Ndugu anarudi nyumbani akiamini kuwa mtu ameuawa au amefichwa, kumbe yuko hatua 100 ndani ya ukuta. Uendapo kuuliza, nenda na majina yote, jina la baba na la mama, mwaka wa kuzaliwa, siku na mahali alipokamatiwa. Ukipata namba ya dosiye, iandike mahali ambapo mvua haitafika. Kwa kila ofisi itakayofuata, namba hiyo ndiyo jina lake la kweli.

Na kuna wakati ambapo mtu hapatikani RIB, hayuko mahakamani, na Nyakiriba haimjui. Hasa kijana wa mtaani, muuza bidhaa wa kutembeza, au anayeshukiwa kutumia dawa za kulevya. Huyo huenda amepelekwa kituo cha mpito. Vituo hivi si magereza, na aliyemo hana kesi wala hakimu. Agizo la waziri la mwaka 2018 linaruhusu mtu kukaa humo hadi miezi 2. Kutoka huko wengine hupelekwa kwenye vituo vya urekebishaji vinavyosimamiwa na taasisi ya taifa ya NRS, na kwa vijana wa kiume kinachojulikana zaidi ni Iwawa, kisiwa cha Ziwa Kivu kilicho wilaya ya Rutsiro, kilichoanza kazi hiyo mwaka 2010. Wako waliotoka Iwawa wakiwa mafundi seremala na cherehani, na hilo tunalipongeza. Lakini tunasema wazi kwamba mzazi kukaa wiki nzima akizunguka ofisi bila kujua mtoto yuko wapi, eti kwa sababu mtoto hakushtakiwa kwa kosa lolote, ni jambo la kugeuza haki kichwa chini miguu juu. Aliyeshtakiwa ana dosiye inayoweza kutafutwa. Asiyeshtakiwa ndiye anayepotea! Orodha ya waliopelekwa vituo vya mpito ingeweza kumfikia kiongozi wa akagari siku hiyo hiyo, kwa simu moja.

Wengi wa wasomaji wetu wana ndugu upande wa pili, na huko sheria ni nyingine. Katiba ya Congo ya mwaka 2006, ibara ya 18, inasema mtu hawezi kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 48, na kwamba ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au wakili wake. Baada ya hapo hati ya mwendesha mashtaka ni ya siku 5, kisha amri ya hakimu ya siku 15, halafu mwezi mwezi. Ndivyo ilivyoandikwa. Waliolala kwenye kasho za Goma wanajua umbali uliopo kati ya karatasi na sakafu. Na tofauti kubwa kwa familia ni sufuria: katika magereza ya Congo mfungwa amezoea kulishwa na ndugu zake, na asiye na ndugu hubaki na njaa. Anayetoka huko huja Nyakiriba na sufuria yake akidhani desturi ni ile ile. Kila gereza lina utaratibu wake wa siku za kutembelea, chakula, fedha na dawa. Uliza kwanza, ndipo upike.

Gereza la Munzenze mjini Goma lilijengwa kwa ajili ya watu 350. Lilipovunjwa tarehe 27 Januari 2025, wakati M23 walipokuwa wanaingia mjini, lilikuwa na watu zaidi ya mara 10 ya idadi hiyo. Sehemu ya wanawake iliteketea kwa moto. Umoja wa Mataifa ulisema zaidi ya wanawake 150 walibakwa na wafungwa wanaume waliokuwa wakitoroka, na wengi wa wanawake hao walikufa katika moto huo. Kutoka Gisenyi milio ya siku hizo ilisikika vizuri. Mwenye dada mle ndani angemuuliza nani? Mfumo wa mahakama ulivurugika, na siku chache kabla ya hapo Kinshasa ilikuwa imewaondoa wanadiplomasia wake Kigali, hivyo hata ile haki ya mgeni aliyekamatwa kutaka ubalozi wake ujulishwe, iliyomo katika Mkataba wa Vienna wa 1963, ikawa ngumu kuitumia kwa watu wa pande zote. Katika hali ya namna hiyo ofisi inayobaki na mlango ni Msalaba Mwekundu, ambao kazi yake mojawapo ni kutafuta watu waliopoteana na familia zao, wakiwemo waliofungwa. Huduma hiyo nayo haina malipo.

Tukirudi kwetu, hatuwezi kuandika juu ya magereza ya Rwanda na kuficha sababu inayowafanya watu wengi wasifike langoni kabisa. Ni woga, na una historia. Novemba 1996 zaidi ya nusu milioni ya wakimbizi walirudi kwa siku chache kupitia mji huu huu wa Gisenyi. Mwishoni mwa miaka ile magereza na mahabusu za wilaya zilikuwa na watu zaidi ya 120,000, walio wengi wakituhumiwa kushiriki mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994. Mahakama za Gacaca zilizofungwa Juni 2012 zilishughulikia kesi zinazokaribia milioni 2. Manusura walihitaji haki hiyo na bado wanaihitaji. Lakini anayerudi leo akiwa na miaka 35, aliyebebwa mgongoni mwaka 1994, hana sababu ya kuogopa daftari la gereza kwa sababu tu baba yake aliliogopa. Na kama yuko mzee katika familia aliyehukumiwa na Gacaca akiwa hayupo, jambo hilo haliondoki kwa kunyamaza. Kesi hizo sasa ziko chini ya mahakama za kawaida. Heri kuuliza mapema ukiwa na mshauri kuliko kuambiwa mpakani.

Mshauri huyo yupo. Katika kila wilaya kati ya wilaya 30 za nchi kuna ofisi ya Wizara ya Sheria ya msaada wa kisheria, inayojulikana kwa herufi MAJ. Ushauri wake ni bure. Tunashangaa jinsi inavyojulikana kidogo miongoni mwa wafanyabiashara wa mpakani, watu wanaojua kila ofisa wa forodha kwa jina.

Wapo watakaotuambia kwamba kuuliza sana habari za mfungwa ni kumtafutia matatizo. Tunawajibu kwa mfano wa hapa hapa. Aprili 2024 mahakama ya Rubavu ilimhukumu aliyekuwa mkurugenzi wa gereza la Rubavu kifungo cha miaka 15 kwa kuhusika na mauaji ya mfungwa yaliyotokea gerezani humo mwaka 2019. Ilichukua karibu miaka 5, na wapo waliosema haikutosha. Hata hivyo ilithibitika mbele ya hakimu kwamba yanayofanyika nyuma ya ukuta ule yanaweza kuletwa mbele ya sheria, na hayaletwi na familia zilizonyamaza. Anayemkuta ndugu yake na majeraha aandike tarehe, amwambie wakili, na aombe mbele ya hakimu apimwe na daktari.

Sasa tunageukia wenye mamlaka. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Mei 2025 mamia ya Wanyarwanda walirudi kutoka Goma kwa msafara wa UNHCR kupitia Rubavu, wakapelekwa kwanza kituo cha mapokezi kilichoko Nyabihu. Miongoni mwa wanaorudi hivyo wako vijana wanaozungumza Kinyarwanda cha nyumbani lakini waliosoma kwa Kifaransa na Kiswahili. Barua ya mahakama iliyoandikwa kwa Kinyarwanda cha kisheria ni ukuta kwao. Sheria inampa mtuhumiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani. Ndugu yake aliyesimama nje hapewi chochote.

Hatuombi jengo wala bajeti kubwa. Tunaomba ubao mmoja wa maelezo kwa Kiswahili kwenye vituo vyote viwili vya mpakani, kwenye kituo cha RIB, kwenye lango la Nyakiriba na kwenye ofisi ya akagari ka Nengo. Uandikwe siku 5 ni za nani, siku 30 ni za nani, MAJ iko jengo gani na hufunguliwa saa ngapi, siku za kutembelea gereza na kitu gani kinaruhusiwa kuingia, na kwamba huduma hizi zote hazilipiwi. Uwekwe mahali ambapo yule bwana mwenye simu mbili husimama. RIB, RCS na wilaya ya Rubavu wanaweza kukubaliana juu ya maneno yake katika kikao kimoja cha asubuhi, na fundi wa rangi mjini Gisenyi akaumaliza kabla ya wiki kwisha.